Funzo la Dakika ya Mwisho



Nitazungumza kwanza kama mzazi. Vipindi vya watoto vya televisheni vilivyo vibaya waziwazi havininyimi usingizi, kwa sababu hivyo nitavizima. Ninavyovihofia ni vile tunavyovisifu. Kwa dakika ishirini mkorofi anawadhihaki wenzake, tena kwa maneno matamu ya kuchekesha, kisha anaomba radhi mwishoni. Nasi tulioko jikoni tunasikia hiyo "samahani" tu, tunaridhika.

Huko Marekani mtindo huu una historia. Mwaka 1983 ilianza katuni ya He-Man, iliyotokana na wanasesere ambao kampuni ya Mattel ilikuwa imeanza kuwauza mwaka mmoja kabla. Kisa kizima kilikuwa mapambano, na mwisho mhusika mmoja aliwageukia watazamaji akawapa nasaha fupi. Mtoto aliambiwa apigane, awe mwema, na amwombe baba amnunulie mdoli, yote katika nusu saa moja. Peggy Charren, mama wa Massachusetts aliyeanzisha chama cha kutetea watoto watazamaji mwaka 1968, alipambana kwa miaka mingi na vipindi vya aina hii vinavyowauzia watoto wanasesere. Sheria ya mwaka 1990 ikaweka ukomo wa matangazo katika vipindi vya watoto: dakika 12 kwa saa siku za kazi, 10.5 mwishoni mwa wiki. Lakini dakika za matangazo zinahesabika kwa saa ya mkononi. Mgongano ulio ndani ya kisa chenyewe hauhesabiki hivyo.

Hapo ndipo ninapomhitaji mwanasaikolojia Albert Bandura. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1965, watoto wadogo walioneshwa filamu ya mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kujazwa hewa. Wengine waliona mpigaji akizawadiwa, wengine wakaona akiadhibiwa, na wengine hawakuona lolote likimpata. Walioona adhabu waliiga kwa uchache zaidi. Kisha watoto wote wakaahidiwa zawadi iwapo wangeonesha walichokiona, na tofauti ile ikatoweka. Adhabu ilikuwa imezuia mkono tu; kichwani mambo yote yalikuwa yamekwisha kuingia. Nawaomba wazazi mlifikirie hilo kila mnaposema, "Lakini mwishoni alikomeshwa."

Watafiti Marie-Louise Mares na Emily Acosta nao walichunguza katuni ya upole kabisa, ile ya Clifford, mbwa mkubwa mwekundu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Katika kisa walichokitumia, mbwa wanamwogopa mwenzao mwenye miguu mitatu wakidhani atawaambukiza, kisha wanaelewana naye. Mtu mzima anaona somo la kuwakubali walio tofauti nasi. Watoto wengi wa chekechea waliona kisa cha mbwa wa miguu mitatu, basi.

Siwalaumu watoto. Hofu ilioneshwa kwa nyuso, kwa muziki, kwa mbio. Upatanisho ukaja kwa maneno machache. Mtoto wa miaka mitano hurudia kile kilichochukua nafasi kubwa. Watafiti hao hao baadaye walijaribu kupachika katikati ya kisa vipande vifupi ambamo wahusika wanaeleza maana yake, na uelewa ukaongezeka. Mzazi anaweza kufanya vivyo hivyo akiwa amekaa karibu: "Huyu anayechekwa anajisikiaje sasa hivi?" Aulize palepale, asingoje muziki wa kufungia.

Ila najua kuna mama anayeshuka daladala saa mbili usiku, watoto wameshalala. Kumtwisha mzigo huu peke yake ni dhuluma. Kwa hiyo nawageukia watunzi. Tunao hapa kwetu: katuni ya Ubongo Kids imetengenezwa Dar es Salaam na kurushwa tangu 2014, ikafunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Ombi langu kwa kila anayeandika kwa ajili ya watoto ni hili: kabla kipindi hakijaenda hewani, kaa na watoto wa miaka mitano, waoneshe, kisha uwaombe wakusimulie. Wakikusimulia matusi na ngumi, rudi ukaandike upya sehemu ya katikati.