Mchezo Ndio Mazoezi

Leo tuzungumze juu ya mtoto anayekaa mbele ya televisheni tangu atoke shule hadi usiku.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 afanye mazoezi, kwa wastani, angalau dakika 60 kwa siku. Moyo na mifupa yake hupata nguvu. Lakini ukimwamuru akimbie, atakimbia ukiwepo tu. Ukimzoesha peremende, siku zikikosekana ataketi.

Mpe mchezo. Achague mwenyewe: kati, blada au kuruka kamba. Kama ni kamba, hesabuni pamoja. Leo ameruka mara 12? Andika 12 kwenye kalenda. Kesho ajaribu kuipita hesabu yake mwenyewe, si ya dada yake. Mtoto anayeshindwa kila siku huchoka kucheza, lakini anayeona anaendelea hurudi bila kuitwa.

Nawe mama, shika kamba uruke naye. Kicheko chenu kitamvuta kuliko amri.

Kwa leo ni hayo. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.