Nani Anawasemea Waliokufa?

Mhadhara wa umma, Usevya, Katavi



Mada niliyopewa ni makundi yenye silaha katika harakati za Khalistan, nchi ambayo baadhi ya Masingasinga walitaka kuimega kutoka India.  Huko Punjab, jeshi la India lilipovamia Hekalu la Dhahabu, mahali patakatifu pa Masingasinga, mwezi Juni 1984, walioshika bunduki waliongezeka, lakini hawakuwa na bendera moja. Babbar Khalsa walikuwa na lao, Khalistan Commando Force na lao, kila kundi likidai ndilo mtetezi wa kweli.

Kwa nini jeraha moja huzaa makundi mengi? Jibu nalitafuta karibu. Ukivuka mbuga ya Katavi hadi Mpanda, ukashika njia ya Uvinza, unaelekea Mishamo. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, ambamo Wahutu zaidi ya 100,000 waliuawa. Mwaka 1980, humo humo, Rémy Gahutu alianzisha Palipehutu, chama cha ukombozi wa Wahutu. Hawa hawakutaka kuimega nchi kama watu wa Khalistan. Walitaka kurudi Burundi na kuupindua utawala.

Gahutu alifia kizuizini hapa nchini mwaka 1990. Joseph Karumba, mwenzake chamani, alijitenga na kuunda kundi lake, Frolina. Tawi la kijeshi la Palipehutu, FNL, nalo likajitenga chini ya Cossan Kabura. Mwaka 2001 Agathon Rwasa akampindua Kabura.

Mtafiti Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa Burundi katikati ya miaka ya 1980. Waliokuwa Kigoma mjini walioa, wakafanya biashara, wakachanganyika na wenyeji. Wa Mishamo, ambao kutoka tu kulihitaji kibali, walisimuliana historia yao hadi ikawa kama msahafu. Wengi wao walishika jembe, si bunduki. Lakini chama kilipata lugha yake katika masimulizi hayo.

Hapo ndipo mgawanyiko ulipoanzia, kwa sababu chama kilidai kuwasemea waliouawa. Kiongozi aliyechaguliwa na walio hai anaweza kuulizwa na kuondolewa. Marehemu hatoi mamlaka wala hayanyang'anyi, kwa hiyo kila mwenye bunduki anaweza kudai katumwa naye, na mwenzake akiuliza, anaitwa msaliti.

Agosti 2004, huko Gatumba karibu na Bujumbura, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, waliuawa kambini. FNL ilikiri kuhusika. Chama kilichozaliwa miongoni mwa wakimbizi kilikuwa kimeua wakimbizi.

Mwaka 2009 FNL iliweka silaha chini na kuliondoa neno Palipehutu, lililotaja kabila, katika jina lake, ili iombe kura. Mishamo nako, kuanzia 2014, wengi walipokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Mwenye cheti hicho husimama kwenye mkutano wa kijiji na kudai maji na barabara kwa jina lake mwenyewe. Diwani akishindwa, mwananchi huyo humuuliza diwani mwenyewe, wala hahitaji kumsemea marehemu.