Nipe Mji: Video Fupi na Deni la Msimulizi



Tarehe 28 Aprili 2024, siku ya Jumapili, mashua iliyojaa watu ilizama Kona Punda, upande wa Madogo, ng'ambo tu ya mji huu wa Garissa. Barabara ya Madogo kuja Garissa ilikuwa imemezwa na Mto Tana, na wasafiri walikuwa wakivushwa kwa mashua. Tukio hilo lilirekodiwa kwa simu. Chombo kinainama, maji yanaingia, watu wanarukiana, mayowe yanapaa. Video ilienea Kenya nzima na kuvuka mipaka. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilitangaza kuwa watu 23 wameokolewa. Wapo ambao hawakutoka majini wakiwa hai.

Kwa nini watu wengi kiasi hicho walishindwa kuiacha video ile? Jibu la haraka ni kwamba binadamu hupenda kutazama maafa. Silikubali jibu hilo. Maafa ya kwetu ni mengi, na mengi hayatazamwi. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Vijana wetu walirekodi ng'ombe walioshindwa kuinuka, malambo yaliyopasuka udongo, kina mama wakigawa majani ya mwisho. Simu ni zilezile, na wenye kurekodi ni walewale. Nyingi ya video hizo hazikutoka nje ya makundi ya WhatsApp ya jamaa. Kwa hiyo ukubwa wa msiba sio unaoshika jicho. Kuna kitu kingine, na ndicho nitakachokizungumzia jioni hii.

Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anaujua mchezo huu. Mmoja anasema, "Kitendawili!" Wenzake wanajibu, "Tega!" Anatega. Wanakisia, wanakosa, naye anadai, "Nipe mji." Wanampa Lamu, anakataa, wanampa Mombasa, anakubali. Akishaupokea mji hana tena ruhusa ya kunyamaza: lazima alitoe jibu. Wazee wa Kisomali mlio hapa mnajua kwamba vitendawili vya jioni kwenye maboma yenu navyo vina mtegaji na mwenye kutegewa. Naamini video fupi inayotushika imejengwa hivyo hivyo. Sekunde ya kwanza inatega, na kidole kinachotulia juu ya kioo ndicho kinachoitika "Tega". Mji tunaoutoa ni muda wetu. Na msimulizi, akishaupokea, anadaiwa.

Tuanze na ile sekunde ya kwanza. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aligundua kwamba mnyama akisikia au kuona jambo la ghafla hugeuza kichwa hata kabla hajaamua kufanya hivyo. Aliliita jambo hilo mwitikio wa "kuna nini?" Nasi ndivyo tulivyoumbwa. Kitu kikitikisika pembeni ya jicho, uso wa mtu ukitokea karibu, sauti ikikatika ghafla, tunageuka. Watengenezaji wa video wanalijua hili, ndiyo maana nyingi huanza katikati ya tendo bila salamu wala utangulizi. Lakini mwitikio huo ni wa muda mfupi sana. Ukishaona kuwa ni mlango uliopigwa na upepo, unarudi kwenye shughuli zako. Mshtuko hugeuza kichwa tu. Kinachokifanya kichwa kibaki kimegeuka ni swali.

George Loewenstein, mchumi anayechunguza pia tabia za binadamu, aliandika mwaka 1994 kwamba udadisi huzaliwa tunapoona pengo kati ya tunachokijua na tunachotaka kukijua, na pengo hilo hutukera mpaka lizibwe. Zingatieni sehemu ya kwanza ya hoja yake: lazima kuna kitu tayari tunakijua. Asiyejua lolote haoni pengo. Kitendawili humnasa yule tu anayekijua nusu.

Nitawaonyesha kwa video ya mwanafunzi wetu mmoja, aliyoirekodi katika soko la mifugo hapa Garissa. Inaanza na shuka. Chini ya shuka kuna mikono miwili iliyoshikana, na kitambaa kinachezacheza kana kwamba kuna kitu hai ndani yake. Kamera inapanda polepole hadi kwenye nyuso. Wazee wawili, mmoja anatazama ngamia, mwingine anatazama mbali kabisa, kama mtu anayengoja gari. Hakuna anayesema neno. Vidole vinabonyezana tena chini ya shuka. Yule wa kushoto anatikisa kichwa na kuuvuta mkono, mwenzake anaung'ang'ania. Kisha shuka linaondolewa, mikono inaachana, na sauti ya mwanafunzi inaeleza: madalali hawa wamepatana bei ya ngamia kwa vidole, kila kidole na thamani yake, ili watu waliowazunguka wasijue. Imekwisha, na haifiki hata dakika moja.

Kila mtu duniani anajua kwamba sokoni watu hupigana bei kwa maneno, tena kwa kelele. Hapa pana biashara na kimya pamoja. Pengo limefunguka bila mtu kupiga yowe wala muziki kuwekwa juu. Na kijana yule amelipa deni: shuka limeondoka, jibu limetoka, na mtazamaji wa Kisumu au Tanga ameondoka akijua kitu kuhusu akili ya soko letu.

Sasa tuje kwa mashine inayochagua nani aonyeshwe nini. Mwezi Juni 2020 kampuni ya TikTok ilieleza hadharani jinsi inavyopendekeza video. Ilisema kwamba mtu kuitazama video kutoka mwanzo hadi mwisho ni ishara yenye uzito mkubwa, na kwamba wingi wa wafuasi wa aliyeipakia hauhesabiwi moja kwa moja. La pili lina heri kwetu. Kijana wa Hulugho au Dadaab asiye na mfuasi hata mmoja anaweza kutazamwa na maelfu kabla ya mwisho wa wiki, jambo ambalo gazeti na televisheni havikumruhusu babake. La kwanza ndilo linalonitia wasiwasi. Mashine inajua kwamba umekaa. Haijui kama umejibiwa. Kwenye hesabu yake, mtu aliyefika mwisho akaelimika na mtu aliyefika mwisho akadanganywa ni mamoja.

Ndiyo maana wapo wanaotega na hawategui. "Ngoja uone kilichotokea," wanaandika juu ya picha, na unangoja, na hakuna kinachotokea. Video inarudi mwanzo nawe umeshaitazama mara mbili. B. F. Skinner wa Marekani alionyesha kwa njiwa wake kwamba zawadi inayokuja mara moja moja, bila utaratibu wa kutabirika, humfanya kiumbe aendelee kudonoa muda mrefu kuliko zawadi ya kila mara. Njiwa anayepata punje kila anapodonoa huacha upesi punje zikikoma. Asiyejua lini atapata hukawia sana kuacha. Vijana mnaolala saa nane usiku simu ikiwa mkononi, msijione dhaifu wa nafsi. Mmewekewa mpangilio ambao nguvu yake ilijulikana tangu miaka ya hamsini. Kenya yetu imo ndani yake hasa: katika uchunguzi wa mtandaoni wa Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford wa mwaka 2023, asilimia 54 ya waliohojiwa Kenya walisema wanatumia TikTok.

Tuna mfano mkubwa zaidi wa kitendawili kisichoteguliwa hapa hapa nyumbani. Juni 2017 mwanakijiji mmoja karibu na hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, huko Ijara, aliwaambia walinzi kwamba ameona twiga weupe. Watu wa Hirola Conservation Programme walikwenda na kuwarekodi. Twiga mama yuko wazi mbele ya kamera, mweupe kama chokaa, akienda na kurudi bila haraka, huku mtoto akiwa nyuma ya vichaka. Weupe huo hutokana na hali inayoondoa rangi ya ngozi na kuyaacha macho na weusi wake. Miezi michache baadaye video ilikuwa imeizunguka dunia.

Lile shirika lililowarekodi liliundwa kwa ajili ya mnyama mwingine, hirola, swala ambaye asili yake ni mpakani mwa Kenya na Somalia, na anayekadiriwa kubaki chini ya 500 mwituni. Kwa kipimo cha hatari ya kutoweka, hirola ndiye aliyestahili kuisimamisha dunia. Hakuisimamisha. Mtazamaji wa mbali akimwona hirola anaona swala, hajui ni kipi cha kushangaa, kwa hiyo hakuna pengo. Twiga anamjua tangu vitabu vya shule ya nasari, na rangi yake anaijua. Twiga mweupe ni kitendawili kilichojitega chenyewe. Hirola anahitaji msimulizi, na msimulizi huyo hawezi kutoka mahali pengine isipokuwa Ijara, Fafi na Hulugho.

Mwezi Machi 2020 tulipata habari kwamba yule jike mweupe na ndama wake wameuawa na majangili. Iliyopatikana ni mifupa. Alibaki dume mmoja mweupe. Novemba mwaka huo alifungwa kwenye pembe kifaa kinachotuma taarifa ya mahali alipo kila saa, ili walinzi wamfuate. Mamilioni ya macho ya mwaka 2017 yalikuwa yameshaondoka zamani. Yalikuja kwa mshangao, na mshangao ulipokwisha hapakuwa na kitu cha kuyazuia: hapakuwa na video ya pili iliyoeleza Ishaqbini ni ya nani, walinzi wake wanalipwa vipi, au wafugaji wanapata nini kwa kuwaachia wanyama malisho. Mji ulitolewa. Jibu halikufuata.

Narudi kwenye ukame. Jonah Berger na Katherine Milkman walichunguza maelfu ya makala za gazeti la New York Times, na mwaka 2012 walichapisha matokeo: habari zinazochemsha moyo kwa mshangao, hasira au hofu husambazwa zaidi, lakini huzuni hupunguza kusambazwa. Makala si video, lakini naona jambo hilo hilo kwenye simu zetu. Ukame ni huzuni ya polepole. Hauna sekunde ya kwanza. Ng'ombe wa jana amekonda, wa leo amekonda kidogo zaidi. Desemba 2021 ilipatikana picha iliyouonyesha ukame wa Wajir kwa dunia: twiga sita waliokufa, wamelala kwa mduara kwenye vumbi, wamepigwa picha kutoka angani. Ilihitaji umbo la ajabu namna hiyo ili watu wasimame. Waliosoma maelezo walijifunza kwamba twiga walinasa kwenye matope wakitafuta maji katika lambo lililokaribia kukauka, na kwamba mizoga ilihamishwa ili maji machache yaliyobaki yasichafuke. Maelezo hayo ndiyo kiini cha habari: watu wenye kiu wakilinda maji ya mwisho. Wengi waliiona picha bila maelezo.

Video ya Kona Punda nayo haikuwa na jibu. Mashua inazama na video inakatika. Mtazamaji hakuambiwa kwamba maji yale yalitoka mbali, kwenye mvua za nyanda za juu, na kwamba yalishuka kupitia mabwawa ya umeme ya Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yaliyokuwa yamejaa. Hakuambiwa kwamba onyo hutolewa kwa wakazi wa huku chini, na hakuelezwa linamfikia nani, kwa lugha gani, na linawahi kwa muda gani. Hayo yangeweza kuelezwa kwa dakika moja, tena kwa namna inayoshika: alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba ya Madogo, na swali moja tu, "Maji haya yalianza safari lini?"

Simlaumu aliyerekodi. Nazungumza nasi tuliosomea kazi hii ya kusimulia na tukaiacha kwa wengine. Eneo hili si geni katika kushika masikio ya watu. Shairi la Kisomali la gabay hufungwa kwa herufi moja inayorudi katika kila mstari tangu mwanzo hadi mwisho, na sikio likishaikamata herufi hiyo linaingoja. Mashairi hayo yalisafiri kwa vichwa vya watu, baadaye kwa kaseti, kutoka mbuga hadi mbuga, na aliyeyaghani alipaswa kumtaja aliyetunga na kuyafikisha bila kuyabadili. Watoto wetu wa madrasa nao wanajua kuwa hadithi haisimami bila wapokezi wake. Kumbe mila ya kunasa nadhari na mila ya kuwajibika kwa chanzo zimekaa nyumba moja hapa kwetu kwa karne nyingi. Video inayozunguka bila tarehe, bila mahali na bila mwenyewe inazitenganisha. Kila Tana inapofurika tunaletewa mafuriko ya mwaka mwingine na ya nchi nyingine tukiambiwa ni ya leo asubuhi, na kuna mama anayehama usiku kwa sababu hiyo, na mwingine asiyehama kwa sababu ameshadanganywa mara nyingi.

Ninachokiomba kinaweza kuanza muhula ujao. Wanafunzi wa mawasiliano watoke na simu zao, wawili wawili, hadi Madogo, Bour-Algy, Masalani na soko la mifugo. Kila video itajwe siku na mahali ndani ya picha yenyewe, kwa sauti ya aliyerekodi, ili anayeikata asiweze kuviondoa kirahisi. Anayetega swali arudi na jibu, hata kama ni baada ya mwezi, na video ya pili ipakiwe kwa jina lile lile. Tutapokea kazi za Kiswahili, Kisomali na Kimunyoyaya, kwa sababu onyo la mafuriko linalotolewa kwa lugha moja huwaacha watu wa kando ya mto. Na kwa kuwa bando ni ghali na zipo lokesheni zetu ambako minara ya simu imelipuliwa na mtandao haupo, nakala zitawekwa kwenye maktaba, mtu aje na kadi ya kumbukumbu aondoke nazo. Ya kwanza iwe ya Kona Punda: wale 23 walitolewaje majini, na nani aliruka kuwafuata.