Goma–Beni: dakika 50 kwa ndege, siku ngapi kwa mwananchi?



Leo tunazungumuza juu ya kitu kimoja tu: umbali.

Toka kiwanja cha ndege cha Goma mpaka Mavivi, hapa kwetu, ukipima angani moja kwa moja, ni karibu kilometa 250. Ndege ndogo yenye kwenda kilometa 300 kwa saa inaimaliza kwa dakika 50. Ongeza kupanda na kushuka, iseme saa moja. Inavuka ikweta, inatua. Mtu alikunywa chai Goma, saa sita anakula fufu Beni.

Umbali huo haujabadilika. Milima haijasogea. Kilichobadilika ni nani anaweza kupita.

Kwa barabara ya taifa namba 2, ukipita Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero na Butembo, ni kama kilometa 350. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mama mwenye kuuza maharagi, ya mwanafunzi, ya mgonjwa. M23 ilichukua Rutshuru mwaka 2022, kisha Kanyabayonga mwaka 2024. Mwenye pesa akahamia mu ndege. Asiye nayo akabaki anahesabu siku. Mwisho wa Januari 2025 M23 ikaingia Goma, na kiwanja chenyewe kikafungwa. Sasa wote wawili wako chini.

Leo watu wengi wanazungukia kwa jirani: wanavuka mpaka, wanapita Uganda, wanarudi Congo kwa Kasindi, kisha kilometa 80 mpaka hapa. Mtu anatoka Kivu ya Kaskazini, anaingia inchi ya wengine, ili afike Kivu ya Kaskazini! Kila mpaka unaomba karatasi, kila gari linaomba pesa. Na mgonjwa je? Na mwenye kufiwa? Kati yetu kuna waliomzika baba yao kwa simu. Walisikia nyimbo za matanga mu simu, wao wamekaa hapa.

Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya ndege ya Goma. Ndege ziliendelea kutua kwa sehemu iliyobakia. Moto wa mulima haukutushinda. Waliotufungia leo ni watu, na kile watu wamefunga, watu wanaweza kufungua.

Njo maana tunadai. Kiwanja cha Goma kifunguliwe, kwanza kwa dawa na wagonjwa, kisha kwa kila mwananchi. Lakini ndege peke yake haitoshi, juu mama wa maharagi hawezi kulipa tiketi. Barabara namba 2 nayo ifunguliwe, bila bunduki na bila vizuizi vya pesa. Wale wanaozungumuza Doha, serikali na M23, wasituletee amani ya karatasi: tutaipima kwa siku basi la Goma litaingia tena Beni.

Na wewe kijana, ukisafiri, andika: siku ngapi, pesa ngapi, mipaka mingapi. Tuletee. Hesabu hizo tutaziweka mbele ya viongozi, pembeni ya zile dakika 50, nao watueleze tofauti imetoka wapi.