Mbwa Mkubwa Katika Ploti Ndogo: Kuelewa Ubabe wa Mbwa na Kumpatia Makao Mapya

*Maelezo kamili ya mada iliyoandaliwa kwa wakazi wa Wadi ya Mowlem, Eneo Bunge la Embakasi Magharibi.*



Ukipita barabara za ndani za mtaa huu, kuna kibao ambacho hukosi kukiona kwenye malango: "Mbwa Kali". Kibao hicho kinamwonya mgeni. Lakini hakimwelezi mwenye mbwa kwa nini mbwa wake amekuwa mkali, wala hakimwambii afanye nini siku mbwa huyo atakapomrukia mtoto wa jirani. Mada ya leo inahusu mambo hayo mawili.

Mbwa wa mbegu kubwa wamependwa sana jijini kwa sababu ya usalama. German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wote wana sifa ya ulinzi. Mtu humnunua akiwa na miezi miwili, akambeba ndani ya katoni, na watoto wakashangilia. Mwaka mmoja na nusu baadaye, mbwa yule yule ana uzito wa mtu mzima. Rottweiler dume aliyekomaa hufikia kilo 50 hadi 60. Katoni imekuwa kibanda chini ya ngazi, au kona ya paa penye kamba za kuanikia nguo, na wapangaji wanapita wakiwa wamejibanza ukutani.

Hapo ndipo kauli hii husikika: "Huyu mbwa ana ubabe. Anataka kuwa mkubwa wa nyumba." Baada ya kauli hiyo, mara nyingi hufuata kipigo, au mnyororo mfupi, au mbwa kupakiwa kwenye gari usiku na kwenda kutupwa mbali. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomaliza tatizo, na yote matatu yanaweza kuwahatarisha watu zaidi.

Neno "ubabe" lilitoka wapi

Mwaka 1947, mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake kuhusu mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliwaona wakipigana na kushindania ukubwa. Kutokana na kazi za namna hiyo, watu wakaamini kwamba kila kundi lina mbabe wake aliyepata cheo kwa kupigana, na kwamba mbwa wa nyumbani naye hutafuta cheo hicho kwa binadamu.

Mwanasayansi wa Marekani, David Mech, aliyesaidia kueneza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1970, baadaye aliwafuatilia mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada. Mwaka 1999 aliandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi, si kwa sababu walimpiga mtu mweleka. Kupigana sana kule bustanini kulitokana na kuwafungia pamoja wanyama wasiojuana, mahali wasipoweza kukimbia. Mech alimwomba hata mchapishaji wake aache kukichapa kitabu kile.

Mkazi wa Mowlem ana la kujifunza hapo. Mnyama aliyebanwa mahali padogo, pamoja na viumbe asiowazoea na bila njia ya kuondoka, huwa mkali. Ukali huo unatuambia zaidi kuhusu mahali alipo kuliko kuhusu tabia aliyozaliwa nayo.

Hii haimaanishi kwamba mbwa wote wana tabia sawa. Wapo wajasiri, wapo waoga, wapo wenye kung'ang'ania chakula. Mbwa wawili wanaweza kukaa pamoja, na mmoja akawa anamwachia mwenzake mfupa kila mara. Lakini huo ni uhusiano wa wawili hao juu ya kitu fulani. Si mpango wa kuipindua familia.

Sababu za kuangalia kwanza

Kabla ya kumwita mbwa mbabe, angalia mambo matano.

La kwanza ni hofu. Mbwa ambaye katika miezi yake mitatu ya mwanzo hakuwahi kuona watoto, boda boda, mikokoteni na wageni, huviogopa akishakuwa mkubwa. Mbwa mwoga asiye na pa kukimbilia hushambulia. Samaki mkunje angali mbichi.

La pili ni maumivu. Mbegu kubwa husumbuliwa sana na nyonga. Masikio yenye usaha, jino bovu na magonjwa yanayoletwa na kupe pia humfanya mbwa mpole ang'ate anapoguswa. Ukali ulioanza ghafla unahitaji daktari wa mifugo, hauhitaji fimbo.

La tatu ni kulinda chakula. Mbwa anayenguruma juu ya sahani ya ugali anaogopa kunyang'anywa. Kila unapomnyang'anya, unamthibitishia kwamba hofu yake ni ya kweli.

La nne ni mnyororo. Mbwa anayefungwa mchana kutwa na kufunguliwa usiku pekee hajifunzi kutofautisha mwizi na mpangaji aliyechelewa kutoka kazini. Kwake yeye, kila anayesogea ni adui.

La tano ni umri. Mbwa wa mbegu kubwa huchelewa kupevuka, na tabia zake za utu uzima hujitokeza kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Huo ndio wakati ambao wenye mbwa wengi husema, "Amebadilika."

Kunguruma ni onyo

Wapo wanaofundishwa kumlaza mbwa chali kwa nguvu, kumkaba, au kumpiga kila anaponguruma "ili ajue nani mkubwa". Madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama wanaonya dhidi ya njia hizo. Kunguruma ni king'ora. Ukimpiga mbwa hadi aache kunguruma, umekata waya wa king'ora huku moto ukiendelea kuwaka ndani. Mbwa huyo ndiye atakayeng'ata siku moja "bila kuonya", na mara nyingi atamng'ata mtu mdogo zaidi nyumbani.

Akinguruma, simama, rudi nyuma taratibu, mwondoe mtoto, kisha tafuta sababu. Mlishe mahali pa utulivu. Anapokula, pita kwa mbali ukimtupia kipande kitamu zaidi, ili akuone kama mtu wa kuongeza chakula. Mtembeze kila siku akiwa na ukosi imara na kamba. Mfundishe kukaa na kusubiri, na umtuze kwa omena kidogo kila anapotii. Na usimwache mtoto peke yake na mbwa mkubwa, hata awe mpole namna gani.

Wakati wa kumpa mtu mwingine

Kuna hali ambazo, hata baada ya jitihada hizo, mbwa hawezi kuendelea kukaa alipo. Chukua mfano wa familia iliyohama kutoka nyumba yenye ua kuja kwenye vyumba viwili orofa ya tatu, mtoto mchanga akazaliwa, na kazi ya baba ikawa ya zamu za usiku. Mbwa wao Simba, German Shepherd wa miaka miwili, anashinda amefungwa kwenye paa. Anabweka, majirani wanalalamika, mwenye ploti ametoa notisi. Kumtafutia Simba makao mengine si aibu. Inaweza kuwa njia ya haki zaidi kwake, kwa mtoto na kwa majirani.

Kosa hutokea katika namna ya kumtoa. Familia ikimwambia mchukuaji, "Huyu hana shida yoyote," ilhali mbwa aliwahi kumng'ata fundi wa maji, inahamisha hatari kwenda kwenye nyumba nyingine yenye watoto wengine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayemchukua mbwa ana haki ya kujua yote: ameng'ata nani, lini, katika hali gani, anachoogopa, anachokilinda, na kama anaishi vizuri na mbwa wengine, paka na kuku.

Zingatia hatua hizi:

1. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akapimwe, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na, ikiwezekana, ahasiwe. Weka cheti cha chanjo tayari kwa kukikabidhi.

2. Ikiwa amemng'ata mtu, asihamishwe kwanza. Mbwa aliyeng'ata hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 ili ijulikane kama ana kichaa. Akitoweka kabla ya siku hizo kuisha, aliyeng'atwa anabaki bila jibu.

3. Andika tabia zake kwenye karatasi moja, nzuri na mbaya, pamoja na chakula anachokula na saa anazozoea kutembea.

4. Nenda ukaone anakokwenda. Je, kuna ua wenye ukuta au ua wa waya usiopitika? Kuna mtu mzima atakayemtembeza? Kuna watoto wadogo? Anayetaka mbwa wa kufungwa mnyororo maisha yake yote anampeleka kwenye tatizo lile lile.

5. Wakutanisheni mbwa na wenyeji wapya mahali ambapo si kwake wala si kwao, mara mbili au tatu, kabla ya siku ya kuhama.

6. Kubalianeni kwamba mambo yakishindikana, mbwa atarudishwa kwako badala ya kuachwa barabarani.

Asiyepata mtu anaweza kuuliza katika KSPCA, chama cha ustawi wa wanyama chenye makao Karen, ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1910 na ambacho hupokea wanyama na kuwatafutia makao. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoko Kabete, nayo hutoa matibabu na ushauri.

Ni lazima lisemwe pia jambo gumu. Mbwa aliyejeruhi watu vibaya, zaidi ya mara moja, na ambaye daktari ameona hawezi kukaa salama na binadamu, si wa kupewa mtu mwingine. Uamuzi kuhusu mbwa huyo ufanywe na daktari wa mifugo, ambaye ana njia ya kumpumzisha bila mateso. Asimalizwe kwa sumu wala kwa mawe.

Kwa anayempokea

Siku za kwanza mbwa mgeni huwa kimya. Usidhani ndiyo tabia yake, bado anapeleleza. Mpe kona yake, usiite majirani kuja kumshangaa, usimkumbatie, na waambie watoto wasimwendee akila au akilala. Tabia yake halisi itajitokeza kadiri wiki zinavyopita. Mpe ratiba isiyobadilika: chakula saa ile ile, matembezi saa ile ile. Mbwa anayejua kitakachofuata hana sababu kubwa ya kupigania kitu.

Sheria na afya

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Nairobi ilipitisha sheria yake ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sura 360 ya Sheria za Kenya, na kumtelekeza mahali atakapoteseka ni aina ya mateso. Mbwa anayetupwa karibu na jalala la Dandora hujiunga na wengine wanaorandaranda, bila chanjo, na huzaliana. Hao ndio watakaokutana na watoto wa Mowlem wakienda shule alfajiri.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Lakini kinazuilika. Chanja mbwa kila mwaka. Panapochanjwa angalau asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vinavyotokana na mbwa wenye kichaa ifikapo mwaka 2030. Uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje zile siku 10 za kumwangalia mbwa ndipo uanze matibabu.

Ndugu wakazi, kabla ya kumnunua mbwa wa mbegu kubwa, pima kwanza nyumba unayoishi, muda ulio nao na mfuko wako. Ukiwa naye tayari, tafuta chanzo cha ukali wake kabla hujampa jina la mbabe. Na ukilazimika kumtoa, mtoe mchana, akiwa na cheti chake, kwa mtu unayemjua, na umwambie ukweli wote.

Mwenye swali kuhusu chanjo au leseni afike katika ofisi ya wadi, aelekezwe kwa afisa wa mifugo wa kaunti.