Kapteni Hataki Kushuka

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa wanafunzi wa sekondari katika klabu yao ya afya. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate.)

 

Leo sikuja na picha za vijidudu, kwa hiyo kaeni kwa raha. Nataka tuzungumze habari ya safari. Siyo ile ya kwenda kumsalimia bibi kijijini, la. Nasema ile ambayo wewe na marafiki zako mnachanga hela miezi na miezi, mnakubaliana tarehe, kila mtu anatundika begi mgongoni, mnaondoka. Halafu katikati ya njia mambo yanageuka. Mvua imekata barabara, au basi limekufa, au mmoja wenu anaumwa. Je, nani anaamua mfanye nini? Na huyo anayeumwa, anasema, au ananyamaza ili asiwaharibie wenzake?

Nimechagua mfano wa Mlima Kilimanjaro. Mmeusoma tangu shule ya msingi: mita 5,895, mrefu kuliko yote Afrika. Tangu Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kule kileleni wakati wa Uhuru, Desemba 1961, kila kijana wa Kitanzania anaota siku moja afike pale. Isitoshe, ni mlima ambao mtu wa kawaida anaupanda kwa miguu yake, bila kamba wala vyuma, ndiyo maana wengi wanadhani hauna hatari. Wanakosea sana.

Tuanze na hewa. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Pale kileleni shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la Dar es Salaam, maana yake kila pumzi unayovuta inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, ila unataka muda. Usipoupa muda, kichwa kinagonga, chakula hakipiti, unasikia kichefuchefu, pengine unatapika, unachoka ovyo, na usiku unalala usingizi wa mang'amung'amu. Huo ndio ugonjwa wa mwinuko. Katika hatua hiyo bado hautishi, mradi usiendelee kupanda. Pumzika hapo hapo ulipo siku moja au mbili, mara nyingi unaisha wenyewe. Usipoisha, shuka.

Ukilazimisha kupanda nao, ndipo balaa linapoanza. Mapafu yanaweza kujaa maji, ukamwona mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine makohozi yana povu. Au ubongo unavimba: mtu anapepesuka kama mlevi, anaongea yasiyoeleweka, anataka kulala tu. Hali zote mbili zinaua, tena kwa haraka. Tiba ya kwanza ni kushuka, saa ile ile, hata kama ni usiku na hata kama mvua inanyesha.

Na nyinyi wanamichezo nisikilizeni vizuri. Misuli haikukingi! Mtu mwenye mbio anaweza kuumwa, na mama wa makamo anayetembea taratibu akapita salama. Mwenye mbio yuko hatarini zaidi kwa sababu anafika juu kabla mwili wake haujajua yuko wapi.

Sasa niwasimulie.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu tulipanda watu watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Tulidunduliza karibu miaka miwili, wengine kwa kufundisha tuisheni, mimi kwa kuuza vitumbua bwenini. Tulichagua njia ya Marangu, ambayo ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala. Njia nyingine ni mahema. Kanuni za hifadhi zinataka kila mpandaji awe na mwongozaji, nasi tukampata mzee mmoja wa Kichaga mwenye maneno machache. Tulimwita Mzee tu, na msaidizi wake tukimwita Kaka.

Mpango wetu ulikuwa wa siku tano. Siku ya kwanza kutoka lango la Marangu, karibu mita 1,900, hadi Mandara, mita 2,700. Ya pili, Horombo, mita 3,720. Ya tatu, Kibo, mita 4,700 na ushee, mnakula mapema, mnajilaza, na usiku wa manane mnaanza kukitafuta kilele. Zinazobaki ni za kushuka. Ukipiga hesabu utaona mnapanda karibu mita elfu kila siku, wakati madaktari wa mambo ya milima wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu nne mpumzike moja. Kwa nini basi watu wanakwenda kwa siku tano? Hela. Ada za hifadhi zinalipwa kwa siku, na siku ya sita ina bei yake.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja usiku ule ule pale Mandara. Mwenzangu wa kike alianza hedhi siku nane kabla ya tarehe yake. Akaniambia. Mimi nilikuwa na pedi za akiba, tukagawana. Mzee alipoelezwa kwamba kesho tungehitaji kusimama mara mbili tatu njiani, alijibu, "Sawa mwanangu, tutasimama." Dakika tano, jambo limekwisha. Dada zangu, hedhi haikuzuii kupanda mlima. Beba pedi hata kama tarehe iko mbali, pamoja na mfuko wa kurudishia zilizotumika, maana mlimani hakuna gari la taka.

Mabadiliko ya pili hayakusema jina lake upesi namna hiyo.

Kulikuwa na mwenzetu tuliyemwita Kapteni, kwa kuwa alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya kitivo chetu. Tangu langoni yeye yuko mbele, Mzee anamwambia "pole pole", naye anacheka. Horombo hakula. Alisema wali umeungua, wavulana wenzake wakagawana sahani yake. Asubuhi yake alikuwa kimya, yeye ambaye kwa kawaida hanyamazi. Tulipofika mahali pa maji ya mwisho, kabla ya ule uwanda mtupu ulio kati ya Mawenzi na Kibo, nilimwona anatoka nyuma ya jiwe anajifuta mdomo.

"Umetapika?"

"Mayai ya asubuhi tu. Usianze."

Nilimwendea Mzee nikamweleza. Kapteni alinikasirikia kweli kweli. "Wewe dada vipi, umekuwa mwalimu wa zamu?" Mzee hakugombana naye. Alimweka nyuma ya mstari, akatembea naye bega kwa bega hadi Kibo, na tulipofika, kama saa tisa alasiri, akachukua fimbo yake akachora mstari mrefu vumbini. Akatuamuru kila mmoja apite juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Wanne tulipita kama watoto wanaocheza. Kapteni alitoka nje hatua ya tatu. Akarudia, akataka kuanguka, Kaka akamdaka.

"Huyu anashuka sasa hivi," Mzee akasema.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kapteni alisema amelipa hela kama sisi, aachwe alale, saa sita usiku aamshwe. Mmoja wetu akamuunga mkono: tumetoka mbali, apewe saa mbili tatu apumzike, tuone. Usimwone huyo aliyesema hivyo kuwa mtu mbaya. Alikuwa anapiga hesabu ambayo na mimi nilikuwa naipiga kimya kimya. Kaka akishuka na mgonjwa, wapandaji wanabaki na mwongozaji mmoja tu, na akitokea mwingine akachoka kule juu, itabidi wote wageuke. Miaka miwili ya kudunduliza! Lakini kumlaza mtu anayepepesuka, ukamwacha mpaka usiku wa manane mahali pale pale palipomuumiza, ni kumwacha azidiwe usingizini bila mtu kujua.

Mzee akauliza swali moja. "Nani rafiki yake?"

Tukatazamana. Mgonjwa wa namna hiyo hashuki na mgeni peke yake. Anahitaji mtu anayemfahamu, atakayegundua kwamba maneno yake yamebadilika. Nikasema nitashuka mimi. Msinipigie makofi. Kichwa changu nacho kilikuwa kimeanza kugonga kidogo, na pia mama yake Kapteni ananifahamu, ningemwambia nini yule mama?

Pale Kibo kuna machela ya gurudumu moja. Kapteni aliikataa, akatembea ameshikwa huku na huku, na baada ya nusu saa aliipanda mwenyewe bila kuombwa. Wapagazi wanne waliikimbiza gizani kwa tochi. Tulifika Horombo usiku, na hapo ndipo aliponiuliza kwa sauti yake ya kawaida kama chai ipo. Mita elfu moja chini, hiyo ndiyo dawa aliyopata. Asubuhi tuliendelea hadi langoni na moja kwa moja hospitali, kwa kuwa mtu aliyepata nafuu bado ni mgonjwa.

Wale watatu? Mmoja aliishia Gilman's Point, kwenye ukingo wa shimo la volkano. Wawili walifika Uhuru jua likichomoza, na mmojawapo ni yule binti wa Mandara, ambaye njia nzima alitaniwa kwamba anatembea kama kinyonga.

Kwenye basi la kurudi Dar Kapteni hakusema na mtu hadi Korogwe, tuliposimama kula. Ndipo akatoboa. Kichwa kilianza kumuuma tangu Horombo, na alikuwa na panadol begini, anameza kwa siri kila baada ya saa chache. Panadol inatuliza kichwa, ugonjwa wenyewe unaendelea na kazi yake. Tukamuuliza, mbona hukusema? "Nyinyi mngesemaje? Kwamba nahodha kashindwa na mlima?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kusema kweli, ndivyo tungesema.

Basi wewe unayepanga safari, fanyeni mazungumzo haya mkiwa bado nyumbani, hela zikiwa bado mezani. Mkubaliane nani mwenye neno la mwisho, na asiwe yule mwenye hamu kuliko wote. Mpange kabisa nani atarudi na mgonjwa. Nauli ya dharura ikae kando na isiguswe. Na kila mtu aseme hali yake ya afya, dawa zake zijulikane. Mwenye selimundu milima mirefu ni hatari kwake, na hata yule aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye siku zote anajiona mzima, anaweza kupata madhara kwenye bandama huko juu, kwa hiyo amwone daktari kwanza. Kuna dawa iitwayo asetazolamaidi inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, nayo ni ya kuandikiwa na daktari, wala haimpi mtu ruhusa ya kupanda akiwa anaumwa. Pombe na vidonge vya usingizi viacheni chini kabisa, kwa kuwa vinapunguza upumuaji unapolala.

Haya hayahusu milima peke yake. Mko Lushoto, mvua imewachelewesha, gesti imebakiwa na chumba kimoja na nyinyi mmechanganyika wavulana kwa wasichana. Binti akisema "mimi silali humo", asigeuzwe kuwa mharibu safari. Mwoneni mwenye gesti, au mjumbe wa mtaa, au mwalimu yeyote aliye karibu. Mtapata pa kulala.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama Kapteni alininunia. Ndiyo, wiki mbili hivi! Mwingine akauliza kama nitarudi mlimani. Nitarudi Desemba, safari hii kwa siku sita, ile ya ziada tukiimalizia Horombo kwa kutembea hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia na kurudi kulala chini. Kapteni naye anakuja. Ndiye anayetunza hela.

Je, wewe umewahi kusafiri na wenzako mpango ukageuka njiani? Nani alisema, nani alinyamaza? Tuandikie kwa anwani ya gazeti hili. Ukitaka jina lako lisichapwe, tuambie, hatutalichapa.