Parsele isiuzwe juu ya ahadi: namna ya kujitayarisha kwenda kusoma informatiki Kampala

Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana, Butembo



Leo hatukuja kupanga maandamano. Tumekuja kuzungumza juu ya neno moja lenye liko katika kinywa cha kila kijana mwenye diplome mu huu mji: kutoka. Kwenda kusoma inje. Na ukiwauliza wale wanaotaka kutoka wanaenda kusoma nini, wengi wanajibu: informatiki.

Tunawaelewa. Sisi wenyewe tuko mashomere wenye diplome. Tulimaliza iniversite, tukapeleka dosiye kila ofisi, tukaambiwa "tutawapigia simu". Simu haijalia. Basi kijana akisikia kwamba mtu anaweza kuandika programu akiwa kwao, kisha alipwe na kampuni ya mbali, anaona kama mlango njo uko pale. Hana kosa kuona vile.

Lakini matayarisho yako na mpangilio wake. Kwanza akili, kisha karatasi, mwisho feza. Kwetu watu wengi wanaanzia mwisho. Familia inauza parsele, inampa komisionere dola, kisha inaanza kungoja. Tunajua familia zenye zinangoja mpaka leo, na parsele imekwisha kujengwa na mtu mwingine.

Kwa nini Kampala?

Vijana wengi wanaota Ulaya ao Kanada. Haikatazwe. Lakini tuangalie hesabu. Ujerumani, iniversite nyingi za leta haziombi minervali kubwa, ila ili upate viza unaombwa kuonyesha euro 11.904 kwa mwaka mmoja, ndani ya konti iliyofungwa, na kila mwezi unatoa 992 tu. Kanada, tangu tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka 2025, mwanafunzi anayekwenda peke yake inje ya Québec anaonyesha dola 22.895 za Kanada za kuishi, mbali na minervali na tiketi ya ndege. Ni wazazi wangapi mu hii sale wako na ile feza?

Kampala tunafika kwa basi: Beni, Kasindi, Mpondwe, Kasese, kisha mbele. Ile barabara ya Kasindi tunaijua, tumelia watu wengi juu yake, hatusemi kama ni rahisi. Lakini ni karibu. Makerere iko pale tangu mwaka 1922, na iko na koleji nzima ya informatiki. Na kuna iniversite zingine, za leta na za watu binafsi.

Tena kuna kitu wengi hawatumii. Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mbele yake, mwaka 2017, viongozi wa Jumuiya walikuwa wametangaza kwamba nchi hizi ziwe eneo moja la elimu ya juu. Ku karatasi ni vizuri. Ku ofisi ya iniversite, kila moja iko na bei yake. Kwa hiyo mbele ya kulipa kitu chochote, andika barua pepe na uulize swali moja: "Mkongomani analipa minervali ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki, ao ya mgeni?" Omba jibu kwa maandishi. Ukiona bei ya mgeni, uliza juu ya nini. Kuuliza ni haki yako, na haina malipo.

Kwanza akili

Watu wengi kwetu wanafikiri informatiki ni kujua Word na Excel, ao kutengeneza simu. Ule anayeingia mwaka wa kwanza na wazo hili anashangaa. Anakuta hesabu: mantiki, seti, matrisi. Anakuta kuandika programu, na kueleza kwa nini programu moja inakwenda mbio na ingine inachelewa. Mwenye alisoma sekondari mu pedagogi ao komersiale asikate tamaa, lakini arudilie vitabu vya hesabu sasa, hapa kwetu, wakati hakuna anayemlipisha.

Mashini kubwa haiombwi. Lugha ya Python inatumika hata ku mashini ya zamani, na ni ya bure. Iniversite ya Harvard iko na masomo ya CS50 ku intaneti, bure kabisa. Megabaiti ni ghali, tunajua. Basi mmoja apakue, kumi wakopie ku flashi. Umeme ukikatika, chukua kalamu na uandike programu ku daftari. Hata kule iniversite kuna mitihani ya programu inayoandikwa ku karatasi.

Usianze na ndoto ya kutengeneza Facebook ingine. Andika programu ya likelemba ya mama yako: nani amelipa, nani bado, zamu ya nani juma hili, na mmoja akikosa inakuwa namna gani. Ukiimaliza na mama akaielewa, umejifunza mingi kuliko ule anayesema tu kama "anapenda teknolojia".

Halafu kuna lugha. Sisi tulisoma Kifaransa. Kule mwalimu anasema Kiingereza tangu saa ya kwanza, na haturudilii juu yetu. Kiingereza cha kununua ndizi ku soko kitakuja chenyewe. Kiingereza cha kusoma kitabu cha hesabu hakiji chenyewe. Soma kurasa mbili kila siku. Hata klavye itakushangaza: yetu ni AZERTY, yao ni QWERTY, na zile alama za mabano zenye programu inatumia kila mara haziko fasi moja. Ni kitu kidogo, lakini ku mtihani wa dakika arobaini kinakula muda.

Tunawaomba mufanye hivi miezi sita. Kama nyuma ya miezi sita unaona kazi hii inakuchosha roho, haukupoteza kitu: umeokoa parsele ya baba. Na kama unaona usiku unakuwa mfupi juu ya kutafuta kosa moja ndani ya programu, basi endelea na karatasi.

Kisha karatasi

Diplome ya leta, buletini za sekondari, karatasi ya kuzaliwa, pasipoti, na kama ulimaliza iniversite, diplome yake na relevé za nukta. Kule Uganda, diplome ya sekondari inapelekwa ku UNEB ili ilinganishwe na yao. Ile ya iniversite inalinganishwa na NCHE. Karatasi za Kifaransa zinaombwa zitafsiriwe na mtafsiri anayekubaliwa. Kila hatua inakula majuma. Diplome ya kweli inaweza kuchelewa miaka. Wengi wetu tuko na atestasio tu. Kwa hiyo anza mwaka mzima mbele, na ulizia mapema kama atestasio inakubaliwa.

Hapa njo raia anaonekana. Ku dirisha watakuambia: "Weka kitu kidogo ili dosiye itembee." Uliza bei ya leta, uliza risiti. Mutasema kama haisaidii. Tukumbuke pasipoti. Mwaka 2015 bei yake ilikuwa dola 185. Mwaka 2017 waandishi wa Reuters walionyesha kwamba dola 60 za kila pasipoti zilikuwa zinakwenda ku kampuni moja ya Emirati. Wakongomani walipiga kelele, ku barabara na mbele ya sheria. Mwaka 2020 bei ikashuka mpaka dola 99. Haikushuka yenyewe. Mwenye anatoa matabishi leo anapandisha bei ya mdogo wake atakayekuja kesho.

Mwisho feza

Musihesabu mwaka wa kwanza peke yake. Hesabu miaka yote: mitatu ao mine, minervali, nyumba, chakula, usafiri, mitihani, mashini. Vijana wengi hawaangushwi na masomo. Wanaangushwa na feza ya mwaka wa pili. Mzazi akisema "tutaona mbele", kaeni chini pamoja na muone leo.

Kuhusu bursi: ziko za kweli. Ile ya Uturuki, Türkiye Bursları, inafunguliwa mwezi wa 1 na kufungwa mwezi wa 2, na kuomba hakuna malipo. Mtu akikuambia kama kuna bursi lakini utume kwanza dola 300 za "kufungua dosiye", jua kama bursi ni wewe unamupa yeye.

Tena wasichana wasikie vizuri. Mwezi wa 10 mwaka 2024, shirika la habari Associated Press lilieleza namna wasichana wa Afrika wa miaka 18 mpaka 22 walialikwa Urusi, kule Tatarstan, kwa programu ya kazi na masomo. Walijikuta mu kiwanda, wanaunganisha drone za vita. Tangazo lilikuwa zuri, na tiketi ilikuwa bure. Uliza kila mara: nitasoma nini, diplome gani, nani anaitambua?

Basi, tunaomba kila familia iweke sheria hii: parsele haiuzwi mbele ya vitu vitatu. Cha kwanza, barua ya kukubaliwa, na umeihakikisha kwa kuandikia iniversite yenyewe, si kwa namba ya komisionere. Cha pili, bei ya miaka yote kwa maandishi. Cha tatu, pasipoti mkononi. Vitatu vikipatikana, wazazi waamue. Kimoja kikikosekana, udongo ubaki.

Kwa wakubwa wa leta tunasema: bandikeni bei ku kila mlango, toeni risiti, na mutupe diplome zetu. Tulizifanyia mtihani, tulizilipia.

Na kwa ninyi vijana: mwenye anakwenda kusoma hatukimbii, na mwenye anabaki si mjinga. Wenye watafika Kampala watutumie maswali ya mitihani, bei za kweli, majina ya mitaa yenye nyumba za bei ya chini. Wenye watabaki waendeshe masomo ya Jumamosi, hesabu na Kiingereza, mu kila kata. Mwenye yuko na mashini alete mashini. Mwenye anajua hesabu alete hesabu. Leo mbele ya kutoka, andikeni majina yenu ku ile daftari ya mlangoni, na muandike kitu munaweza kufundisha.